Akina Cherop Hawakuwa Watatu

Juzi kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Lanet alinijia na laptop kwapani, akakaa kwa sofa yangu, akanywa chai yangu, halafu akaniambia, "Mathe, siku hizi hakuna mtu anahangaika na database. Ikienda slow unaongeza tu mashine." Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza, "Na hiyo mashine kubwa itajua nini ambacho ile ndogo haikujua?" Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Sikuwa natania. Nimestaafu, sijafa, na kuna maneno ambayo bado yananipandisha presha.

Kwa hivyo nyinyi mnaoanza kazi hii, hebu kaeni chini kidogo. Mimi ni Nekesa. Baba yangu aliletwa Nakuru na reli kutoka Bungoma, mimi nikazaliwa huko Bungoma kabla hajatuleta, nikakulia kwa nyumba za reli, na maisha yangu yote ya kazi nimechunga database: kwa kiwanda, kwa duka la mbegu, na mwisho kwa ushirika wa maziwa. Jina la huo ushirika silitaji, kwa sababu wengine bado wako ofisini na wanapenda sana kujitetea. Nataka kuwaambia habari ya mama mmoja wa kituo chetu cha Molo, aliyekaribia kupoteza kazi kwa kosa la mashine. Nikipaza sauti mnivumilie, hasira yake sijaimaliza.

Kwanza niwafundishe kitu, maana wengi wenu mnaandika query kila siku na hamjui nini kinatokea baada ya kubonyeza. Mimi nilifundishwa na Mzee Odhiambo, bosi wangu wa kwanza pale kiwandani, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa anakunywa chai kwa kikombe kikubwa kama cha kunyolea. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza, "Nekesa, ukiambiwa wageni wanakuja, unauliza nini kwanza?"

Nikasema, "Wako wangapi."

"Kwa nini?"

"Nijue sufuria ya kutoa."

"Basi umeshajua kazi," akasema. "Hiyo ingine ni kuandika tu."

Ni hivi. Query ni swali: nipe huyu, nipe yule na vitu vyake. Kabla database haijajibu, ndani yake kuna kitu tunaita planner, ambacho kazi yake ni kuamua njia ya kutafuta. Planner haina wakati wa kwenda kuhesabu wageni mlangoni. Inaangalia takwimu zake, yaani muhtasari iliojiwekea: jina gani ni la kawaida, lipi ni la nadra, vituo ni vingapi, kipi kina watu wengi. Takwimu zikisema wageni watatu, inatoa sufuria ndogo. Sasa kama mlangoni imesimama kwaya nzima ya kanisa, haibadilishi. Itapika kwa hiyo sufuria ndogo, ipakue, ioshe, ipike tena, ipakue, ioshe, na wageni wanazeeka wakingoja. Halafu nyinyi mnakuja mnasema jiko ni dogo, nunua jiko kubwa! Ai! Jiko lina kosa gani?

Kuna jamaa tulikuwa naye kiwandani, tumwite Njoroge. Njoroge alikuwa anapanga upya rekodi za stoo ya vipuri. Akatoa rekodi zote kwanza, akasafisha, akaiambia database ichukue takwimu, na ndipo akarudisha vipuri vyote ndani. Mnaona alichofanya? Aliihesabisha stoo ikiwa tupu. Asubuhi watu wa stoo wakaanza kupiga kelele kwamba wakitafuta beringi moja, wanaenda kunywa uji na kurudi. Njoroge akazima seva, akaiwasha. Ikawa vilevile. Akazima tena. Akafungua kifuniko akapuliza vumbi, haki ya Mungu, nilimwona kwa macho yangu. Mzee Odhiambo akaja na kikombe chake, akaangalia mpango wa query, akacheka mpaka chai ikamwagika kwa shati. "Njoroge, umeiambia hii stoo haina kitu, halafu unaigombeza!" Wakaamuru takwimu zichukuliwe upya, na ikaisha hapo.

Kutoka siku hiyo Mzee alinipa neno moja ambalo nililibeba mpaka nikastaafu. Alisema, "Usiiulize kwa nini imechelewa. Iulize ilitegemea watu wangapi." Na database ukiiuliza hivyo inakujibu, haifichi. Kuna amri ya kuifanya ionyeshe mpango wake, na kando ya kila hatua inaandika: nilitegemea rekodi hizi, nikapata hizi. Hizo namba mbili zikiwa mbali, mgonjwa wako yuko hapo. Hizo ndizo mnaruka kila siku, mnaenda mbio kuangalia namba za muda pale chini. Sijui mnafukuzwa na nani.

Sasa Molo.

Ushirika wetu ulikuwa na vituo vya kupokea maziwa kutoka Naivasha huku chini mpaka kule juu Molo. Mkulima anakuja asubuhi na mkebe wake, anasimama dirishani, anataja jina. Karani anaandika jina na kituo, skrini inaleta wenye jina hilo pamoja na rekodi zao, anachagua yule aliye mbele yake, na hapo anaona kila kitu: maziwa aliyoleta nyuma, na kama kuna ng'ombe wake aliyedungwa dawa. Hiyo ya dawa ndiyo muhimu. Ng'ombe akidungwa, maziwa yake hayaingii kwa tanki mpaka dawa itoke mwilini. Ukikosea mmoja, umeharibu tanki nzima. Kwa hivyo hakuna kusema "mwaga tu, tutaangalia baadaye." Karani lazima angoje skrini.

Najua mtaniuliza, kwani hawana namba za uanachama? Wanazo. Ziko kwa kadi, na kadi iko nyumbani kwa kabati chini ya vyombo vya wageni. Nyinyi mnataka mtu akame ng'ombe gizani, abebe mkebe mgongoni kwenye matope, halafu akumbuke namba? Waache waseme majina yao. Walipewa majina ili wayaseme.

Naivasha, jina likiandikwa, linatokea hapo hapo. Hapa Lanet pia. Molo, unaandika jina, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Foleni inatoka nje ya geti. Na hata Molo na baridi yake, jua likishapanda likashika mikebe, maziwa hayangoji. Mtu anafika dirishani mwishowe, maziwa yanapimwa kwa spiriti kuona kama yameanza kuchacha, yanaganda, yanakataliwa. Mtu ambaye ameamka alfajiri anarudishwa na mkebe wake umejaa.

Karani wa dirisha la Molo aliitwa Mama Faith. Alikaa pale tangu kituo kifunguliwe, na ni mshahara wa kiti hicho uliomweka binti yake Faith chuoni Njoro. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mwenye kucheka, anayejua ng'ombe wa kila mtu kwa jina.

Siku moja nikaitwa kwa mkutano ofisini Nakuru. Alikuwepo meneja, alikuwepo Dennis, kijana wa kampuni iliyotuuzia mfumo, na mimi nilikuwa pale kona kwa sababu nilikuwa karibu kustaafu na watu walishaanza kunihesabu kama fanicha. Meneja akawasha video ya kamera ya kituo cha Molo. Tukamwona Mama Faith dirishani, mdomo unaenda, mikono inaenda, anacheka na mkulima, mkulima anacheka naye, na foleni imesimama nyuma.

"Mmeona?" meneja akasema. "Huyu mama anapiga domo. Kila mkulima, domo."

Nikasema, "Meneja, huo mdomo unaenda kwa sababu skrini haiendi."

Dennis akaingilia, kwa upole, si mtoto mbaya. "Lakini Mathe, ni system moja. Code ni ile ile. Mimi nimetest Naivasha, iko sawa kabisa. Index tumeweka kila mahali. Kama ni system, si ingekuwa slow kote?"

Meneja akapiga meza kwa kiganja. "Basi si mashine. Ni mtu."

Wueh! Nilisikia damu ikipanda mpaka kwa masikio. Ni mtu! Hawajamuuliza huyo mtu, hawajaenda kuketi naye asubuhi moja, hawajaangalia mpango wa query hata mmoja. Lakini video wameangalia, kwa sababu video ni rahisi. Wakakubaliana Mama Faith ajieleze mbele ya bodi, na kabla ya hapo watafikiria kama watamwacha dirishani. Nikachukua laptop yangu, nikaenda Molo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Niliketi nyuma yake asubuhi nzima. Akafika nyanya mmoja, amejifunga shuka mbili, mkebe umefungwa na kipande cha nailoni. Mama Faith akaandika jina, Cherop, akabonyeza. Kiduara kikaanza. Naye akainama dirishani, akamsalimia yule nyanya, yaani kogo, kwa Kikalenjin.

"Chamgei, kogo."

"Chamgei mising."

"Yule ng'ombe wako Somoli amezaa?"

"Amezaa. Ni dume."

"Pole!"

Watu wa foleni wakacheka. Wakaanza kusimulia madume yao. Kiduara kinazunguka. Mama Faith akanigeukia, uso ule wa kucheka ukashuka, akaniambia polepole, "Madam, nikinyamaza wataniangalia mimi tu. Nikiwaongelesha wanasahau kidogo." Akarudi kwa kogo, akamuuliza habari ya mguu wake.

Baadaye jua likiwa juu, mwanamume mmoja maziwa yake yakaganda kwa kipimo. Alienda kando ya barabara, akayamwaga yote kwa mtaro, na wakati anamwaga alikuwa anamwangalia Mama Faith. Hakuiangalia kompyuta. Nani huangalia kompyuta? Huyu mama anakula lawama ya kitu ambacho kiko ndani ya boksi Nakuru, na watu wa kukifungua wanatazama video.

Nikachukua query ya Mama Faith kama ilivyo, jina Cherop, kituo Molo, nikaiuliza database swali la Mzee Odhiambo. Ulitegemea wangapi?

Ilitegemea watatu.

Akina Cherop watatu, Molo! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, karani mwingine wa pale ndani akanigeukia. Maana waliokuja kwenye jibu walikuwa umati, na kwa kila mmoja wao planner ilikuwa inarudi kwenye rekodi zote za maziwa, mmoja mmoja, kwa ile sufuria ndogo. Kama kweli wangekuwa watatu, hiyo ingekuwa njia nzuri sana.

Lakini ilidanganywa na nani? Nikaangalia takwimu. Zilikuwa mpya, zinachukuliwa zenyewe bila shida. Takwimu za majina zilikuwa sawa: Cherop ni wachache katika ushirika mzima. Takwimu za vituo zilikuwa sawa: Molo ni kituo kimoja kati ya vingi. Hakuna uongo popote. Nikakaa nikifikiria jina langu mwenyewe.

Mimi ni Nekesa kwa sababu nilizaliwa wakati wa mavuno. Kwetu msichana wa mavuno ni Nekesa, mvulana ni Wekesa, na mavuno huwa hayaji kwa boma moja peke yake, yanakuja kijiji kizima kwa pamoja. Nenda kwa kina baba yangu uite Nekesa sokoni, uone vichwa vitakavyogeuka. Na Cherop? Cherop ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kiprop ni ndugu yake. Na kule Molo, jameni, ni lini hainyeshi?

Akina Cherop wetu hawakuwa wametawanyika kwa vituo vyote. Walikuwa wamejaa Molo, kituo kimoja, kizazi baada ya kizazi cha mvua. Na kwa familia za Wakikuyu wa kule ni vilevile kwa njia nyingine, mtoto anapewa jina la nyanya yake, kwa hivyo kwa kijiji kimoja Wanjiru hawaishi. Planner haikujua hayo. Ilichukua uchache wa jina, ikauzidisha na uchache wa kituo, ikidhani jina halina habari na mahali. Naivasha hesabu hiyo inakubali, kwa sababu mashamba ya maua yamewaita watu kutoka kila pembe ya Kenya na majina yamechanganyika kama mahindi na maharagwe kwa githeri. Na ni Naivasha Dennis alienda kutest! Alijaribu pale ambapo mashine iko sahihi, akarudi akasema mashine iko sahihi.

Hii ndiyo nataka mshike, hata mkisahau yote mengine. Index ni njia tu. Unaweza kuchonga njia nzuri kwenda kila nyumba, lakini planner ikidhani wageni ni watatu bado itatuma mtu kwa miguu. Database nzuri zina amri ya kuiambia: hivi vitu viwili vinatembea pamoja, vihesabu pamoja. Wengi wenu hamjawahi kuiandika maishani. Niliiandika jioni hiyo baada ya dirisha kufungwa: jina na kituo, pamoja. Nikaamuru takwimu zichukuliwe upya. Nikauliza tena akina Cherop wa Molo, na safari hii planner ikategemea umati, ikatoa sufuria kubwa, ikapika mara moja. Jibu lilitoka kabla sijainua kidole. Nikafunga laptop, nikarudi Nakuru nimefurahi, nikijua asubuhi Mama Faith ataona maajabu.

Hakuyaona. Jioni hiyo hiyo, nikiwa barabarani, meneja alimpigia simu akamwambia asifike kazini mpaka bodi ikutane. Asubuhi dirishani akaketi Festus wa stoo, mtu mpole, asiyeongea, ukimsalimia anaitikia kwa nyusi. Na foleni ikaisha! Kabla ya jua kupanda, geti tupu, tanki imejaa, hakuna maziwa ya kumwagwa.

Meneja akaja ofisini anapiga makofi. "Mmeona sasa? Tumemtoa, kazi inakimbia."

Nikasimama. Nikamweleza kwa utaratibu: nimebadilisha takwimu jana jioni, hii ni sababu, hii ni kabla, hii ni baada. Nikamwonyesha. Akaniangalia vile mtu anaangalia mvua kwa dirisha. "Madam Nekesa, hayo ni ya wataalamu. Mimi naangalia matokeo. Karani ametoka, foleni imeisha."

Nikamgeukia Dennis. Dennis akakuna kichwa. "Mathe, labda ni zote mbili."

Zote mbili! Mpaka leo hilo neno likinijia nikiwa napika, nazima jiko nikae chini. Kwa sababu lilikuwa la kukwepa, na alijua ni la kukwepa. Na mnaelewa kilichokuwa kimetokea? Kazi ya mikono yangu ndiyo sasa ilikuwa ushahidi dhidi ya Mama Faith. Kama ningekaa nyumbani nikatafuna mahindi, wangemweka Festus, foleni ingebaki, na wangejua si yeye.

Usiku si wa kusimulia, sikulala vizuri, tuseme hivyo. Siku iliyofuata Mama Faith akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuitambua. Akasema, "Madam, wanasema tangu nitoke kazi inaenda. Kwani ni mimi nilikuwa nachelewesha watu? Labda ni kuongea."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Mtu akikuonea, hiyo ni moja. Lakini akikuonea mpaka wewe mwenyewe uanze kukubali, hapana. Nikamwambia, "Mama Faith, usiniudhi. Siku ya bodi uje, uvae vizuri, ukae mbele."

Nikampigia mwenyekiti, Mzee Rotich, ambaye mwenyewe ni mkulima na analeta maziwa pale pale Molo. Nikamwomba bodi ikutane kituoni, asubuhi ya kupokea maziwa, mapema kabla ya jua. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Mzee, nataka kuharibu kitu mbele yenu, halafu nikitengeneze." Akasema, "Haya. Lakini maziwa yangu yasiguswe."

Siku hiyo kulikuwa na ukungu, watu wamevaa makoti. Bodi wamesimama nyuma ya dirisha, meneja ameshika simu, Dennis yuko kando yangu. Mama Faith ameketi kwa benchi na kitambaa chake kizuri cha kichwa, mikono imefungwa mapajani. Festus dirishani. Wakulima wanapita haraka, jina, maziwa, nenda. Festus hasemi neno. Meneja akamgeukia mwenyekiti, "Unaona tofauti, Mzee?"

Nikasema, "Mzee, huyu Festus ana domo?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Festus? Mimi sijawahi hata kusikia sauti yake."

"Sawa." Nikafungua laptop mbele yao wote, nikaziondoa zile takwimu za jina na kituo kwa pamoja. Sikugusa rekodi ya mkulima hata mmoja, wala sikugusa code. Niliirudishia tu database ujinga wake wa zamani. Dennis aliona nilichoandika, nikamsikia akivuta pumzi.

Aliyefuata kwa foleni alikuwa yule kogo wa shuka mbili. "Cherop," akasema. Festus akaandika, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka. Festus akaangalia skrini. Akaangalia kogo. Kogo akamwangalia. Nyuma yake mtu akauliza, "Kwani nini?" Mwingine akasema, "Imeanza tena." Festus akafuta jasho, na ilikuwa baridi. Akasogeza kibodi, akairudisha. Foleni yote ikawa macho kwake. Halafu Festus, yule wa kuitikia kwa nyusi, akakohoa, akainama dirishani, akasema, "Eh... kogo. Kwenu... mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha sana," kogo akasema.

"Na ng'ombe?"

"Alizaa dume."

"Pole sana," Festus akasema. "Hata mimi... kwetu pia ni dume."

Mzee Rotich alianza kucheka kwa tumbo, kicheko kikapanda mpaka akashika ukuta. "Hata Festus! Hata Festus anapiga domo!" Bodi nzima ikacheka, wakulima wakacheka, Festus mwenyewe akacheka kwa aibu. Mama Faith peke yake hakucheka. Aliinuka kwa benchi, akaja mpaka dirishani, akaangalia kile kiduara kikizunguka mbele ya mtu mwingine. Akakiangalia muda mrefu. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Si mimi."

"Si wewe," nikamwambia.

Nikarudisha takwimu. Kogo akapokelewa, na mikebe iliyofuata ikapita kabla ukungu haujatoka. Mzee Rotich alipokelewa wa mwisho, akamgeukia meneja akamwambia jambo moja tu, "Jumatatu nataka kumwona huyu mama kwa kiti chake." Dennis alinifuata mpaka kwa gari. Akasema, "Mathe, pole. Si zote mbili." Huyo nilimsamehe, na siku hizi akikwama hunipigia simu.

Meneja hakuomba msamaha. Kwa ripoti yake aliandika mfumo umeboreshwa. Umeboreshwa! Umejiboresha wenyewe, kama mahindi ya kujiotea. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu alirekodiwa akifanya kazi yake, akahukumiwa kwa video isiyo na sauti, akakalishwa nyumbani. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi. Siku moja mtapewa video, au chati ya rangi nzuri, na mtu mkubwa atawaambia basi ni mtu. Mfungue mpango kwanza. Muiulize ilitegemea wangapi. Na mkaketi asubuhi moja nyuma ya huyo mtu, mjue majina ya watu walio ndani ya database yenu yalitoka wapi.

Jumatatu hiyo nilipanda Molo, sikutumwa na mtu, nilitaka tu kuona. Mama Faith alikuwa kwa kiti. Kogo akafika na shuka zake, akaweka mkebe, akasema jina. Mama Faith akabonyeza, na Cherop wote wa Molo wakatokea kwa skrini papo hapo, hata kogo hajaachilia mkono wa mkebe. Nilidhani sasa atachagua, apime, amwite anayefuata, maana hakuna tena cha kungoja.

Aliangalia skrini, akaiacha hapo ilivyo. Akainama dirishani.

"Chamgei, kogo. Mguu unaendeleaje?"

Na safari hii mashine ndiyo ilingoja.